Louise Anafunga, Ayoubu Anafungua

Sehemu ya tisa

Haya, msomaji, ule mkono uliomkamata Louise mlangoni mwa ukumbi ulikuwa wa Souleymane, kaka mkubwa wa bwana harusi. Wiki nzima mmenisumbua, sasa mmejua. Tuingie ndani.

"Wee mwizi," Souleymane alinong'ona huku meno ameyabana, maana wageni walikuwa wanapita. "Umefukuzwa Kabambare, umekuja huku Kasongo kutafuta nini? Hii harusi si yako."

"Niache mukono, yaya Souleymane," Louise alisema, akimwita kaka kama zamani. "Niko na kadi."

"Kadi gani? Nani alikupatia kadi?"

Louise akaitoa mkobani. Kadi ya kweli ya mwaliko, ile ya ua la dhahabu, na jina lake limeandikwa kwa kalamu. Souleymane aliigeuza mbele na nyuma. Angempiga kofi kwa furaha kabisa, lakini wajomba wa bibi harusi walikuwa wameanza kugeuza shingo.

"Kaa huku nyuma," akasema. "Ukisimama tu, nakutoa kwa masikio."

Louise akakaa. Ile kadi ilikuwa imefika kwa mama yake mikononi mwa mtu wa pikipiki, bila maneno mengine yoyote, na yeye alikuwa na hakika ni Ayoubu aliyeituma. Njoo uone ninavyooa. Njoo ule wali wangu. Hivyo ndivyo alivyoisoma ile kadi, na ndiyo maana alikuja.

Kwa wale waliochelewa kuingia katika hadithi hii, nitasema kwa ufupi, halafu nisiulizwe tena. Louise na Ayoubu walikuwa mke na mume, na studio ya picha ya Kabambare waliijenga wote wawili. Yeye Ayoubu na kamera, Louise na mashini, ile kompyuta ya kutengenezea picha. Siku moja kamera ikakosekana. Ayoubu akasimama mbele ya mlango wa studio, akapaza sauti mpaka sokoni kwamba mke wake ameiba kamera akampa mwanaume. Louise aliondoka Kabambare amepakiwa nyuma ya pikipiki, wanawake wanampigia vifuniko vya sufuria njia nzima, ngwa ngwa ngwa, kama anavyofukuzwa nyani shambani.

Hilo angelivumilia. Ila kuna jambo moja lilimkaa kooni. Kule kanisani kwa mama yake, alikokimbilia, Jumapili iliyofuata, kikapu cha sadaka kilikuwa kinapita mkono kwa mkono. Kilipofika kwake, kiliruka. Kilimruka yeye, kikamruka na mama yake mzazi, kikaenda kwa jirani. Mama yake alibaki ameshika noti yake mkononi hadi misa ikaisha. Tangu siku hiyo yule mama hajakanyaga kanisa.

Kwa hiyo msimuonee huruma Ayoubu. Mimi simuonei.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Mapazia yalikuwa yamefungwa mchana ule ule ili picha ionekane vizuri ukutani. Juu ya meza ya mbele ilikuwa ile mashini ya studio yenyewe, ambayo Ayoubu aliisafirisha kutoka Kabambare juu ya pikipiki, imeviringishwa blanketi kama mgonjwa. Angeweza kuiweka video kwenye flash na kutembea nayo mfukoni. Lakini Ayoubu ana sheria yake: kazi ya studio haitoki ndani ya mashini, watu watamwibia.

Na video yenyewe ilikuwa ndiyo kila kitu. Siku mahari ilipotolewa, mvua ilikuwa imekata barabara, na baba Tambwe, baba mkubwa wa bibi harusi, hakuweza kutoka Lusangi. Mzee akatuma neno. Mahari ambayo hakuiona kwa macho yake, kwake haijatoka. Wakapatana kwamba ataiangalia ukutani, mbele ya watu wote, ndipo atasimama kumkabidhi binti. Bila video, hakuna bibi harusi.

"Wapendwa," mshereheshaji alisema kwenye mikro, "sasa baba yetu Tambwe ataona mahari. Makofi!"

Makofi yakapigwa. Ayoubu, amevaa koti jeupe, akaandika neno lake la siri, na ukuta ukajaa mbuzi.

Louise akainamisha kichwa juu ya simu yake.

Zamani, wateja walikuwa wanaleta picha za simu zao studio, na ile mashini ilikuwa na mtandao wake mdogo wa kuzipokelea. Simu ya Louise iliujua ule mtandao. Ikaunganika yenyewe, kama mbwa anayemtambua mwenye nyumba. Ikabaki swali moja tu: je, Ayoubu alikuwa amelifuta jina la Louise ndani ya mashini?

Akaandika: Louise. Akaandika neno lake la siri la zamani, jina la bibi yake mzaa mama. Akangoja.

Mashini ikamkubali.

Ee, nawaambia, machozi yalimlenga. Mji mzima ulikuwa umemfukuza, kanisa limemruka, lakini ile mashini ilikuwa bado inamhesabu mtu wa nyumbani.

Akatuma neno moja: funga.

Mbuzi wakatoweka ukutani. Ikabaki saa, picha ya ua, jina la Ayoubu na kile kisanduku kinachoomba neno la siri.

"Ni mutambo tu, wapendwa, musihangaike," mshereheshaji alisema.

Ayoubu akacheka, akaandika neno lake, mbuzi wakarudi. Louise akawaacha watembee kidogo, akafunga.

Ayoubu akafungua. Louise akafunga.

"Hee!" alisema baba Tambwe kutoka kiti chake cha mbele. "Mimi nimeona mikia tu. Vichwa vya hizi mbuzi viko wapi?"

Watu wakacheka. Ayoubu akafungua tena, na jasho limeanza kumshuka kwenye kola. Zikaonekana sufuria, vikwembe vya kitenge, mfuko wa chumvi, na mkono wa mtu anayetaka kupokea. Louise akafunga kabla mkono haujapokea.

"Hiyo chumvi ilipokelewa ao haikupokelewa?" mzee akauliza.

"Ilipokelewa, baba mukwe!"

"Mimi sijaona. Unasema wewe."

Louise aliuma kikwembe chake asicheke kwa sauti. Ayoubu alikuwa na neno la siri, ndiyo. Alikuwa amelibadilisha siku ileile aliyomfukuza. Alifikiri amemaliza. Lakini ile ruhusa ya Louise ya kufunga na kufungua hakuigusa, maana hakukumbuka kwamba ipo. Yeye kufungua, huyu kufunga, na baba Tambwe kuuliza. Ayoubu akaharakisha. Akaandika vibaya. Akarudia vibaya. Akapiga meza, akarudia kwa hasira, vibaya zaidi.

Sasa, ile mashini ina tabia yake. Ukibahatisha bahatisha neno la siri, inakuona mwizi, inakataa kukusikiliza kabisa, hata ukija baadaye na neno la kweli. Ndivyo ilivyomfanyia mwenye koti jeupe. Maandishi mekundu yakatoka ukutani, makubwa, wote wanasoma: umekosea mara nyingi, huruhusiwi.

"Mashini inasema nini?" mama mmoja akauliza.

"Inasema haimujui," akajibiwa, na kicheko kikazunguka ukumbi.

"Izime, uiwashe!" Souleymane akapiga kelele.

"Itaniomba neno lilelile!" Ayoubu akajibu. Akatoa simu, akampigia Joël, fundi aliyeitengeneza ile mashini. Jenereta ilikuwa inanguruma nje, basi akaweka sauti ya juu. Na mshereheshaji, ambaye kazi yake ni kuweka mikro mbele ya chochote kinachosema, akaiweka mbele ya simu.

"Papa Ayoubu!" Sauti ya Joël ikajaa ukumbi. "Harusi iko sawa?"

"Mashini imenifungia, Joël. Inanikataa."

"Umekosea mara mingi. Itabidi ungoje mpaka ikusamehe."

"Siwezi kungoja! Wakwe wako hapa!"

"Basi kuko njia moja. Mwite mama Louise."

Wageni wakajisogeza mbele.

"Nani?" Ayoubu akauliza, ingawa alikuwa amesikia.

"Mama Louise, bibi yako. Si nilimupatia ruhusa ya kufunga sesyon yako, ile yenye unaingia na neno la siri, na kuifungua bila neno lako? Wewe mwenyewe uliniomba. Ulikuwa unaenda sana Salamabila kupiga picha za wachimbaji, wateja wanangoja kazi yao. Ulisema, Joël, patia bibi yangu ruhusa yote, yeye ni mukono wangu. Si unakumbuka? Kamuite. Na umusalimie."

Ayoubu akakata simu. Alikuwa amechelewa, kila mtu alikuwa ameshasikia.

"Bibi yako?" baba Tambwe akasema polepole. "Uliniambia ulikuwa na mufanyakazi mwizi. Hukuniambia bibi."

Hapo Louise akasimama.

Souleymane alimrukia, akamshika bega. Louise hakuondoka. Akainua simu juu ya kichwa, kila mtu aione.

"Yaya Souleymane, uniguse tena. Hii simu ikianguka, baba Tambwe haoni hata mbuzi moja."

"Muache apite," alisema mzee.

Akapita. Kati ya viti, taratibu, katika kikwembe kile kile alichofukuzwa nacho, kimefuliwa na kupigwa pasi kwa ajili ya siku hii. Wanawake wa Kabambare walikuwapo, wale wale wa vifuniko vya sufuria. Aliwatazama mmoja mmoja. Walipata ghafla mambo mengi ya kutengeneza kwenye nguo zao.

Akafika mbele. Ayoubu akamsogelea karibu sana, akanong'ona.

"Louise, pardon. Fungua tu. Kesho nakurudisha studio. Kiti chako kiko palepale."

Nisiwadanganye. Kwa kitambo kidogo Louise alikiona kile kiti, na ule mto mdogo alioushona wa kukalia. Alikitamani. Kisha akakiona kikapu cha sadaka kinamruka mama yake.

"Kwa mikro," akasema.

"Nini?"

"Ulinitukana mbele ya watu, basi nisafishe mbele ya watu. Shika mikro useme kamera ilienda wapi. Ukisema ukweli, nafungua. Mbele ya hawa wote, nafungua."

"Louise, watu wanatuangalia..."

"Hata siku ile walikuwa wanaangalia."

Ayoubu akachukua mikro. Akakohoa. Akajaribu tabasamu, lile la kuwapanga watu wakae vizuri kwenye picha.

"Wapendwa, kati yangu na dada Louise kulikuwa na kutosikilizana kidogo juu ya..."

Louise akatia simu mkobani, akageuka, akaanza kurudi kwenye kiti chake.

"Sema!" ikatoka sauti upande wa wajomba. "Sema!" ukajibu upande wa wanawake. Hata mpishi aliyekuwa amebeba sombe mlangoni alisema, "Si aseme, chakula kinapoa!"

"Kamera haikuibiwa," Ayoubu akasema.

Louise akasimama palepale alipo, mgongo umemgeukia.

"Haikuibiwa. Niliipeleka mimi Salamabila. Kuko mufanyabiashara kule, anaitwa Iliasi. Nilibadilishana naye. Nikamupatia kamera, akanipatia mbuzi."

"Mbuzi gani?" aliuliza baba Tambwe.

Ayoubu akahamisha mikro kwenda mkono mwingine.

"Nimekuuliza, bwana harusi. Mbuzi gani?"

"Zile zenye ziko ndani ya video, baba."

Laiti mngekuwepo! Kelele ziliinua mapazia. Mama mmoja wa Kabambare alipasuka kulia, sijui ni kwa haya au kwa kutafuta asamehewe kabla ya wenzake. Wajomba walisimama. Souleymane alikaa, yeye aliyekuwa anatoa watu kwa masikio, akaficha uso mikononi.

Na Louise? Louise alifurahi. Siwezi kusema vingine. Alisimama katikati ya harusi ya watu na furaha ya kisasi inampanda kutoka miguuni hadi kwenye nywele, tamu kuliko alivyowahi kuota. Mama yake angeambiwa kabla ya Jumapili. Kikapu kingesimama. Angekikamata yeye mwenyewe kama kingejaribu kupita.

Lakini alikuwa ametoa neno lake. Akarudi mezani, akatoa simu, akatuma: fungua. Bila neno la siri la Ayoubu, bila kumwomba mtu. Ukuta ukawaka.

Mbuzi wakarudi, safari hii na vichwa vyao. Wakapita mmoja mmoja mbele ya wageni kimya, na hakuna aliyepiga makofi. Baba Tambwe aliwatazama kama mtu anayeonyeshwa nyama iliyooza. Zikaja sufuria, vikwembe, chumvi. Mkono ukapokea.

"Umeona, baba?" Ayoubu akasema, na sauti imeanza kurudi. "Mahari imepokelewa. Ya zamani yameisha. Sasa tunaweza kuendelea."

Mtu akasimama kwenye kiti cha heshima. Alikuwa Chancelle, bibi harusi.

Mpaka hapo Louise hakuwa amemtazama yule msichana hata mara moja. Hakutaka. Katika ndoto zake za kisasi, Chancelle alikuwa gauni tupu bila uso. Sasa gauni lilikuwa linamjia, linaburuta sakafu, na ndani yake kulikuwa na mtu mwenye macho makavu kabisa. Akafika mbele ya Louise, akainamisha kichwa kidogo, kama mtu anavyomsalimia dada yake mkubwa.

"Yaya Louise," akasema. "Funga."

"Nini?"

"Funga hiyo video kabla haijaisha. Na mara hii usimufungulie."

Ayoubu akacheka kicheko kibaya. "Hawezi. Alitoa neno mbele ya watu. Louise, si ulisema? Wote walisikia."

Kweli walisikia. Louise alitazama simu, akatazama yule binti. Kama angefunga, kesho wangesema Louise hana neno. Kama angeacha, baba Tambwe angelazimika kusimama, na msichana huyu angepakiwa kwenye pikipiki kwenda Kabambare, kwenye nyumba ambayo yeye Louise anaijua kila kona.

"Nilisema nitafungua," akamjibu Ayoubu. "Nimefungua. Sikusema nitaacha wazi."

Akafunga.

Saa, ua, jina la Ayoubu. Ukumbi ulipiga kelele kama bao limeingia.

Baba Tambwe akasimama, akaegemea fimbo yake, akangoja mpaka watu wakatulia.

"Hii mashini ni ya nani?" akauliza.

"Yangu, baba mukwe," Ayoubu akasema haraka. "Yangu mwenyewe."

"Basi fungua."

Ayoubu akaweka vidole juu ya vifungo. Akaandika. Maandishi mekundu yakatoka: huruhusiwi. Akaandika tena. Huruhusiwi. Hakuna aliyecheka sasa, na hilo lilimuuma zaidi ya kicheko.

Kitu kikamkatika yule mwanaume. Aliwatazama wote, wakwe, kaka yake, wanawake, na mwisho Louise. Akang'oa nyaya kwa mkupuo mmoja. Ukuta ukazimika. Katika ule mwanga hafifu wa mapazia wakamwona amekumbatia mashini, anainyanyua juu, juu ya kichwa chake.

"Basi tuikose wote!" akapiga kelele. "Studio, picha, mbuzi, yote!"

"Ayoubu, weka chini!" Louise akapaza sauti. Ilimtoka sauti ile ya nyumbani, ya zamani, na mwenyewe ilimshtua. Ndani ya mashini mlikuwa na picha zote alizozitengeneza kwa mikono yake, watoto waliozaliwa Kabambare, wazee waliokufa na kuacha sura moja tu duniani, na hiyo moja ilikuwa mle ndani.

Ayoubu akavuta pumzi, atupe.

Ndipo mlango wa nyuma ukafunguka, jua la mchana likaingia, na pamoja na jua mwanga mwingine mweupe, wa ghafla, ukawapiga wote machoni.

"Ndugu Ayoubu, usitupe bado," ilisema sauti ya mwanaume. "Simama vilevile. Nipate sura vizuri."

Alikuwa amesimama mlangoni, amejaa vumbi la safari, kamera ameinua usoni. Na ile kamera ilikuwa na mkanda wa kikwembe chekundu. Louise aliutambua kabla hajaufikiria. Ni yeye aliyeushona, na sehemu moja alikosea, akarudia na uzi mweusi.

Iliasi wa Salamabila.

Si Louise aliyemwita kuja. Ayoubu, ungemwona alivyobaki na mashini juu na mdomo wazi, hakumwita. Wageni waligeuka wote kwa pamoja, wanaulizana huyu ni nani. Katika ukumbi mzima mtu mmoja tu hakushtuka. Alikuwa anautazama ule mlango tangu haujafunguka, na ndipo Louise akakumbuka ile kadi ya ua la dhahabu, na jina lake lililoandikwa kwa mwandiko mwembamba ambao hakika haukuwa wa mwanaume.

"Umechelewa, papa Iliasi," akasema bibi harusi.